Boneti ya Malvern haiingii kwenye gari jingine

Tulianzia Brooklands. Najua mtu akisikia safari ya kuzungukia viwanda vya gari za spoti, kuona kipi kinafanywa kwa mkono na kipi kwa mkanda, anawaza Italia moja kwa moja, Ferrari nyekundu na nini, ila mimi nilitaka tuanzie pale kwa sababu ya jambo lililotokea 1908, na jamaa niliyesafiri naye akakubali shingo upande maana aliona tunapoteza siku bure. Huyu jamaa ni fundi bodi. Kazi yake ni kunyoosha mabati, kupiga puti, kupanga milango iliyogoma kufunga, na akiangalia gari haangalii nembo wala hakuulizi ina injini gani, anaangalia mianya. Mwanya kati ya mlango na bodi, mwanya kati ya boneti na madigadi, anapitisha kidole hapo halafu anakwambia hii ishawahi kugongwa au haijawahi. Kwa safari kama hii humpati mwenzi bora, ila usitegemee atakaa kimya.

Brooklands iko Weybridge, nje kidogo ya London, unapanda treni Waterloo na hujakaa sana umefika. Ulifunguliwa 1907, uwanja wa kwanza kujengwa maalumu kwa ajili ya mbio za magari, njia pana ya zege ambayo kwenye kona imeinuka sana mpaka ukisimama chini unashangaa walikuwa wanapitaje juu kule na matairi ya enzi zile. Siku hizi ni makumbusho, vipande vya zege bado vipo, vimeota majani kwenye nyufa. Vizuri kuona, ila mimi sikufuata zege.

Nilichofuata ni hiki. Mwaka 1908 klabu ya magari ya Uingereza, Royal Automobile Club, ilichukua Cadillac tatu, ikazipeleka pale, zikafunguliwa mpaka nati ya mwisho, spea zote zikachanganywa kwenye rundo moja, nyingine zikatolewa kabisa na kuwekwa mpya kutoka stoo, halafu mafundi wakaambiwa haya, ziundeni upya gari tatu kwa spana na bisibisi tu. Hakuna tupa. Hakuna kugongagonga mpaka kitu kiingie. Wakaziunda, zikawaka, zikakimbizwa maili 500 pale pale uwanjani. Leo ukimsimulia mtu anakuuliza sasa ajabu iko wapi, spea si lazima iingie? Wakati ule haikuwa lazima hata kidogo. Gari zilikuwa zinatengenezwa na mtu ana tupa mkononi, anachukua kipande, anakijaribu, hakiingii, anakipunguza kidogo, anakijaribu tena, mpaka kinakaa. Kwa hiyo gari mbili za karakana moja zilikuwa ndugu wa baba mmoja, sura moja lakini hawavaliani viatu.

Nikamwambia jamaa hapa ndo ubishi wote wa mkono na mkanda ulipoanzia, kabla hata ya Ford. Watu wanapenda kumtaja Ford na mkanda wake wa kiwanda cha Highland Park wa 1913, ule unaotembeza gari kituo kwa kituo, na kweli ule mkanda ulikuwa balaa, kuunganisha chesisi moja kulishuka kutoka kama masaa 12 na nusu hadi lisaa limoja na nusu hivi, lakini ule mkanda usingetembea hata mita moja kama kila kituo mtu anasimama anapiga tupa. Kwanza spea zifanane, ndipo mkanda utembee. Jamaa akasema sawa, lakini hizo Cadillac hazikuwa gari za spoti. Kweli. Ila kuna kijana mmoja, H.F.S. Morgan, ambaye 1912 alikuja hapo hapo Brooklands na kigari chake cha matairi matatu akaenda karibu maili 60 ndani ya saa moja, na kiwanda chake bado kipo. Huko ndiko tulikokuwa tunaelekea.

Malvern unakwenda kwa treni ya kutoka Paddington, unapita Oxford, unapita Worcester, halafu vinatokea vilima vimejipanga mstari mmoja mrefu, nyuma yake anga tupu. Mji mtulivu, ndo sehemu za yule mtunzi wa muziki Elgar, wazee wengi, hatua za taratibu. Kiwanda cha Morgan kiko barabara ya Pickersleigh tangu 1914 na ukikiona kwa nje hudhani ni kiwanda cha magari, ni mabanda marefu ya matofali mekundu yamepangana kwenye mteremko. Huo mteremko una kazi yake, gari husukumwa kwa mikono kutoka banda moja kwenda jingine. Hakuna mkanda wala mnyororo unaovuta kitu, kuna watu wawili wanasema twende na gari inakwenda.

Wageni wanaruhusiwa kuingia, mnapewa mtu wa kuwaongoza na mnapita karibu kabisa na watu wakiwa kazini, karibu mpaka unaona aibu kama umeingia jikoni kwa mtu. Banda lililonikamata mimi ni la useremala. Yaani unaingia kwenye kiwanda cha gari za spoti unakutana na harufu ya mbao na vumbi la randa. Hapa nisahihishe jambo moja maana nimelisikia kwa watu wengi, wanasema Morgan ina chesisi ya mbao. Haina. Chesisi ilikuwa ya chuma tangu enzi za modeli yao ya 4/4 ya 1936 mpaka juzi juzi tu, na tangu 2019 wana mpya ya alumini iliyounganishwa kwa gundi. Mbao ni fremu ya bodi, yaani mifupa inayoshikilia mabati, na mbao yenyewe ni ya mti wa eshi, nyepesi, inapindika bila kupasuka, inameza mtikisiko. Tao la juu ya tairi la nyuma wanalitengeneza kwa kubandika tabaka nyembamba za eshi kwa gundi, wanazipinda kwenye kalibu ya mbao, wanazibana kwa klempu nyingi kweli na kuziacha zikauke hivyo hivyo. Kijana aliyekuwa anafanya hiyo kazi alikuwa anakaza klempu moja, anarudi ya kwanza, anakaza tena kidogo, anakwenda ya tatu, hana karatasi mbele yake wala skrini. Nilikaa hapo mpaka kikundi kikaniacha.

Jamaa yangu yeye alikwama banda la mabati. Ngoja nieleze vizuri hapa kwa sababu ndo niliona kitu ambacho nilikuja kukitafuta. Boneti ya Morgan ni karatasi za alumini zimekunjwa, zina matundu marefu ya kupumulia yaliyopangwa safu, na katikati kuna bawaba ndefu. Mtu wa boneti haipokei ikiwa imeshakamilika. Anapewa gari hii hapa, yenye fremu yake ya mbao iliyotengenezwa na seremala fulani, yenye grili na madigadi yake, halafu anaikata na kuikunja boneti ikae juu ya gari hiyo. Anaiweka, anaangalia, anaitoa, anapiga pembeni na nyundo ya mbao, anairudisha. Seremala kama alizidisha milimita mbili, mtu wa boneti anazila hizo milimita mbili, mwishoni ukiitazama gari mwanya uko sawa kabisa kila upande. Ukiichukua boneti hiyo ukaipeleka kwenye gari ya jirani yake, rangi ile ile, muundo ule ule, haikai.

Jamaa akapitisha kidole. Akazunguka upande wa pili akapitisha tena. Kisha akamuuliza mzee aliyekuwa anatuongoza, sasa mteja akigonga nguzo huko alipo, boneti mpya anaipataje? Mzee akacheka, akasema inatumwa ikiwa kubwa kidogo, fundi wa huko ndo ataimalizia. Jamaa akanigeukia akasema, unaona, gari hii haijaisha kutengenezwa, itakuwa inatengenezwa mpaka ife. Nadhani alikuwa anasifia.

Sasa msidhani wako vile vile kama 1914. Madigadi yale yaliyojikunja vizuri hayapigwi na nyundo tena, karatasi ya alumini inapashwa moto mpaka inalainika halafu inapulizwa kwa hewa inajaa kwenye kalibu. Injini wanachukua BMW, na ile ya matairi matatu ya siku hizi, Super 3 ya 2022, ina injini ya Ford na haina hata ile fremu ya eshi. Wawekezaji wa Italia wamenunua hisa nyingi tangu 2019. Kwa hiyo anayekwambia gari hii imetengenezwa kwa mkono kuanzia mwanzo mpaka mwisho anakupiga fiksi. Mkono uko mahali fulani fulani tu, pale ambapo kitu kimoja kinakutana na kingine, na pale unaachiwa uamue.

Kuna hadithi wanaipenda sana pale Malvern. Mwaka 1990 Sir John Harvey-Jones, aliyekuwa bosi wa ICI, kampuni kubwa ya kemikali, alikuja na kamera za BBC akazunguka kiwandani akashika kichwa, akawashauri waongeze uzalishaji na waachane na mambo ya kizamani, maana watu walikuwa wanasubiri gari kwa miaka. Morgan hawakumfuata kwa sehemu kubwa, kipindi kikarushwa, na oda zikaongezeka. Hadithi tamu, na inasimuliwa kama vile mkono ulimshinda mtaalamu, ila mimi nilikuwa nafikiria yule mtaalamu alikuwa na hoja pia. Foleni ya miaka haiongezi ubora wowote kwenye gari, inaongeza hamu tu. Na baadae taratibu walibadilisha mengi, kimya kimya.

Kutoka pale tulirudi London, Eurostar hadi Paris, tukahamia stesheni ya Est na treni ya kwenda Stuttgart. Sina la kusema kuhusu njiani, tulilala. Stuttgart unachukua S6 mpaka Neuwirtshaus, kituo ambacho kwenye ramani kimeandikwa pia Porscheplatz, unatoka tu nje na Porsche imekuzunguka pande zote, makumbusho huku, duka kule, kiwanda mbele yako, na juu ya barabara kuna daraja lililofunikwa linalopitisha bodi za magari kutoka jengo moja hadi jingine wakati chini watu wanasubiri taa ya kijani.

Makumbusho yalifunguliwa 2009 na mimi ningependa kila mtu aingie humo kabla ya kiwandani, sababu ni moja: unaona kwamba Porsche nao walianza Malvern, kwa maana ya kazi. Gari zao za kwanza, 356, zilitengenezwa Gmünd, Austria, tangu 1948, kwenye mazingira ya kiwanda cha mbao, alumini ikigongwa kwa nyundo juu ya kalibu za mbao, gari kama 50 tu. Walivyorudi Stuttgart 1950 kazi ya bodi wakawapa Reutter, ikawa ya chuma, idadi ikaongezeka, na miaka ya 1960 wakawanunua kabisa, Reutter wakabaki na viti wakajiita Recaro. Jamaa alisimama mbele ya moja ya zile za alumini akawa anainama anachungulia mwanga unavyotembea juu ya bati. Anasema anaona mapigo. Mimi sikuona kitu, labda kweli labda ananifunga kamba.

Kisha kiwandani. Picha hakuna, simu mfukoni, mnavaa vipokea sauti kumsikia mwongozaji maana... nilitaka kusema maana kuna kelele, lakini kelele zenyewe hazikuwepo kihivyo. Nilishangaa. Nilitegemea cheche na mikono ya roboti, na zipo, ila ziko kwenye karakana ya bodi. Kwenye laini ya kuunganisha 911, gari yao maarufu, ni watu. Watu wengi. Jamaa akaninong'oneza, mbona hapa kuna mikono kuliko Malvern?

Na kweli. Bodi iliyopakwa rangi inakuja inaning'inia, inageuzwa ubavu ili mtu afunge vitu vya chini bila kuvunja mgongo, nyaya zinaingizwa kwa mkono, mazulia kwa mkono, taa kwa mkono, mashine inamshikia mtu dashibodi yote nzito na yeye anaielekeza tu ipite mlangoni. Halafu inafika pale wanapopaita harusi, bodi inashushwa juu ya injini na ekseli zilizokwisha kupangwa chini, kitu kimoja kinaingia ndani ya kingine na hakuna mtu anayetia neno, hakuna wa kusema sogeza kidogo kushoto. Inaingia. Dakika chache baadae inakuja nyingine, rangi tofauti, injini tofauti, usukani upande mwingine, hata zile za mashindano za GT3 Cup zinapita laini hiyo hiyo katikati ya gari za kwenda dukani.

Ukiangalia kwa makini mikono ya watu wale ndo unaona tofauti. Pembeni ya kila gari kuna toroli inayotembea nayo, ndani yake vitu vya gari hiyo tu, vimeshachaguliwa na mtu mwingine mahali pengine. Mfungaji hachagui nati. Spana yake ya umeme inajua ikaze kiasi gani, ikifika inakata yenyewe na inaandika kwenye kompyuta kwamba nati fulani ya gari fulani imekazwa kwa nguvu fulani. Mkono upo, una ustadi, una kasi ambayo mimi siiwezi, lakini haujaulizwa kitu. Uamuzi ulishafanyika zamani kwa yule aliyetengeneza kalibu na jigi, kile kifaa cha kushikilia vipande mahali pake, na kwa yule aliyesema milimita ngapi zinakubalika na ngapi hapana. Yule mtu wa boneti wa Malvern hapa naye yupo, ila anafanya kazi yake miaka miwili kabla gari ya kwanza haijatoka.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Porsche walikuwa hoi kabisa, mauzo yaliyokuwa kama gari 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 yaliporomoka vibaya, na bosi mpya Wendelin Wiedeking akaleta washauri kutoka Japani, watu waliotokea Toyota. Walikuta shelfu ndefu zimejaa spea, mafundi wanapanda juu kutafuta vitu, na mafundi hao walikuwa mabingwa haswa, spea ikija mbovu hawairudishi, wanaichonga mpaka inakaa, na walikuwa wanajivunia hilo. Wajapani wakaona huo ni ugonjwa. Kila ukirekebisha kosa kimya kimya, aliyelifanya hajui, kesho anakuletea lile lile. Inasimuliwa kwamba Wiedeking mwenyewe alishika msumeno wa umeme akakata zile shelfu zikabaki za kimo cha kifuani, ili stoo isiwe na pa kujificha. Baada ya hapo ikaja Boxster ya 1996 na 911 ya 1997 ambazo upande wa mbele zilishea vitu vingi sana, wapenzi wa Porsche wakalia, kampuni ikapona.

Hapa tulibishana na jamaa kweli kweli, kwenye benchi ya kituo cha treni. Mimi nikamwambia fundi anayekula kosa la mwenzake ndo huyo huyo tuliyemsifu Malvern. Milimita mbili za seremala. Kama pale ni sanaa kwa nini hapa iwe ugonjwa? Akafikiri. Akasema tofauti ni kwamba Malvern hizo milimita mbili zilitegemewa, zimepewa mtu na muda na nyundo, hapa zilikuwa zinafichwa. Jibu zuri kuliko nililokuwa nalo mimi, nikamnunulia tiketi ya kurudi mjini.

Kitu kingine cha Zuffenhausen, mtaa wa Stuttgart kilipo kiwanda hicho cha Porsche, ambacho watu hawakitaji sana ni karakana ya ngozi. Humo ni Malvern tupu. Ngozi nzima inatandazwa, mtu anaipapasa na kuitazama kwenye mwanga, anatia alama kila penye kovu la mwiba au kuumwa na mdudu, ndipo mashine ikate ikiyakwepa. Ng'ombe hawana kipimo kimoja kwa hiyo hakuna namna ya kuamua mapema, lazima mtu aamue kila ngozi ikifika. Ndo nikaanza kuona kwamba mkono haubaki kiwandani kwa ajili ya heshima ya zamani, unabaki pale malighafi inapokataa kufanana. Mbao inakataa. Ngozi inakataa. Chuma kimeshakubali siku nyingi.

Na Taycan, ile ya umeme inayotengenezwa jirani tangu 2019, haina hata mkanda, gari inabebwa na vitoroli vinavyojiendesha vyenyewe. Sikuona iko tofauti sana na laini kwa maana ninayoizungumzia mimi, ila ni vizuri kujua kwamba mkanda wenyewe sio lazima tena.

Affalterbach hatukuingia, tuliizungumzia tu maana iko karibu na hapo. Ni kwa AMG, tawi la Mercedes la gari za kasi, ambako injini zao kubwa fundi mmoja anaunda injini moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaisukuma kwenye toroli kituo kwa kituo, akimaliza anabandika kibao chenye saini yake. Watu wanazipenda sana zile saini. Mimi sizipuuzi, mtu akiweka jina lake anawajibika. Lakini spana anayotumia nayo inapima na kuandika yenyewe kwa hiyo saini ile ni ya kusema nani alifunga, sio nani aliamua. Ni heshima, na ni biashara pia, tusidanganyane.

Italia tukaingia kwa treni hadi Modena. Joto, tambarare, kila mtu anakuelekeza kwa mikono yote miwili. Pagani wako San Cesario sul Panaro, kijiji kabisa, na Horacio Pagani mwenyewe ni Muajentina, alikuja kufanya kazi Lamborghini miaka ya 1980 akiwa na wazimu wa kaboni faiba. Aliwaomba wanunue oveni ya presha, lile pipa kubwa la kuivisha kaboni, wakakataa, hoja ikiwa kwamba hata Ferrari hawana, akakopa akanunua la kwake. Gari yake ya kwanza, Zonda, ikaonekana kwenye maonyesho ya Geneva 1999, Huayra 2011, Utopia 2022. Kwa mwaka mzima wanatoa gari chache, hata mia hazifiki, na unaruhusiwa kuingia ukiweka nafasi.

Nilitarajia Malvern ya matajiri. Sivyo. Ni sehemu ya tatu kabisa, sijui niiweke wapi. Kazi ni ya mkono, vitambaa vya kaboni vinakatwa na kulazwa ndani ya kalibu na vijana wenye glavu, tabaka juu ya tabaka, kila kipande kina upande wake wa kuelekea, wanasugua kwa vidole mpaka kwenye pembe za ndani ambazo jicho halifiki, halafu kinafungwa kwenye mfuko, kinanyonywa hewa, kinapelekwa kwenye pipa kuiva kwa joto na presha. Lakini mkono huo hauna ruhusa ya kukosea kama ule wa Malvern. Kipande kikishaiva kimeiva. Hakuna nyundo ya mbao ya kukisogeza. Mistari ya kitambaa inakutana katikati ya gari, kushoto na kulia, na inaendelea kutoka boneti kwenda kwenye paa bila kuachana, ikiachana kipande hicho hakitumiki. Kwa hiyo una mkono kama karakana na nidhamu kuliko laini, na boliti za titani ambazo kila moja imechongwa jina la kampuni, hata zile zilizojificha ambazo mwenye gari hatakaa azione mpaka anakufa. Hilo la boliti mimi naona ni sifa tu. Jamaa anasema hapana, mtu aliyejua boliti hiyo ina jina hawezi kuifunga vibaya. Haya.

Ila kwenye bodi yenyewe alikuwa mpole ghafla. Alizunguka gari moja iliyokuwa haijapakwa, kidole kinatembea kwenye mianya, hakusema chochote mpaka tumetoka nje, halafu akasema gari hii mimi siwezi kuigusa. Bati likibonyea linaongea na wewe, unajua lilikotoka unalirudisha. Hii ikivunjika imevunjika, unaitoa unaweka nyingine kutoka kwenye kalibu ile ile. Sasa si ndo Cadillac za 1908 hizo, nikamwambia. Akanitazama vibaya.

Mwisho tulipanda basi la wageni la makumbusho ya Maranello, lile linalopita ndani ya uzio wa Ferrari bila kusimama, maana kuingia kwenye mabanda yenyewe ni mpaka uwe mteja, na sisi tulikuwa wateja wa basi tu. Unaona majengo, unaona wafanyakazi wenye nguo nyekundu wanavuka barabara, unaambiwa injini zinaundwa pale. Pale kwenye injini kuna roboti mbili zinaitwa Romeo na Giulietta. Kazi yao ni kuweka viti vya valvu, yaani pete ambazo valvu hukalia zikifunga, kwenye silinda hedi. Moja inachukua kiti kilichogandishwa kwenye naitrojeni, baridi ya karibu nyuzi 200 chini ya sifuri, nyingine inashika hedi iliyopashwa moto, kiti kimesinyaa, tundu limetanuka, kinaingizwa kabla hakijabadili mawazo. Vikifikia joto moja havitoki tena. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushika kile kitu, achilia mbali kukiweka katikati kabisa kwa muda ule.

Jamaa akaniuliza, kikiingia upande je? Nikamwambia hakiingii upande, ndo maana hawakumweka mtu. Akasema basi hiyo wawape roboti, yeye hana shida, ila milango wasiwape. Nikamwambia walishawapa siku nyingi, viwanda vingi tu. Akasema ndo maana ana kazi.